Anza na siku aliyokufa: namna ya kufuatilia habari za rubani wa vita ukiwa Mwanza

Anayetaka kuandika habari za rubani wa ndege ya kivita kwa kawaida huanzia utotoni: kazaliwa wapi, kasoma wapi, nani alimtia hamu ya kuruka. Akizunguka hivyo miezi mitatu atarudi na kurasa mbili. Nyaraka za jeshi la anga hazikupangwa kwa majina ya watu. Zimepangwa kwa kikosi na kwa tarehe. Jina peke yake halikufikishi mbali, lakini tarehe ya kifo ikiandamana na namba ya kikosi hukufikisha karibu kila mahali. Kwa hiyo kazi hii hufanywa kinyumenyume: siku ya mwisho kwanza, halafu wiki yake, halafu mwaka wake. Utoto huja mwisho, na mara nyingi huja bila kutafutwa, kwa sababu barua ya wazazi huwa imo ndani ya jalada la kifo.

Maelekezo haya yanamfaa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe, klabu ya historia ya sekondari, au mjukuu mwenye picha moja iliyofifia na swali kubwa. Yanagusa vita viwili. Vya Pili vya Dunia vina nyaraka zilizo wazi, na nyingi zinasomeka mtandaoni. Vya Kagera vya 1978–79 habari zake zimo zaidi vichwani mwa watu kuliko kwenye karatasi. Na asidhani mtu kwamba mambo ya ndege ni ya mbali na ziwa hili: tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilipofungua njia yake ya Afrika kutoka London, kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza. Cape Town ilisubiri hadi mwaka uliofuata.

Jedwali kabla ya kitu chochote

Fungua jedwali la Excel, au chora kwenye daftari gumu la kaunta, lenye safu nane: tarehe, saa, mahali, aina ya ndege, namba ya ndege, tukio, chanzo, na uzito wa chanzo. Kwenye safu ya mwisho weka A kwa karatasi iliyoandikwa siku ileile, B kwa iliyoandikwa ndani ya miezi michache, C kwa kumbukumbu za miaka ya baadaye. Usiache safu hii kwa uvivu. Bila hiyo, baada ya wiki sita hutajua tena kipi kilitoka kwenye fomu ya kikosi na kipi kilitoka kwa mtu aliyesimuliwa na mjomba wake.

Tarehe andika kwa kuanza na mwaka: 1941-04-20. Kompyuta itazipanga yenyewe, na utakwepa mtego wa 04/05/1941, ambayo kwa Mwingereza ni Mei na kwa Mmarekani ni Aprili.

Saa ndiyo inayowaangusha wengi wetu. Nyaraka hutumia saa 24, nasi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Ukiona 0640, ubongo wa Mswahili unataka kuandika saa sita na dakika arobaini. Siyo: ni saa 12 na dakika 40 asubuhi. Kwenye jedwali nakili 0640 kama ilivyo. Geuza kuwa saa ya Kiswahili siku ya kuandika masimulizi, si kabla. Tazama pia herufi iliyo mwishoni. Z ni saa ya Greenwich, A imeongezwa saa moja, B imeongezwa mbili. Uingereza kuanzia kiangazi cha 1941 ilikuwa ikisogeza saa zake mbele kwa saa mbili, kwa hiyo pambano lililoandikwa 2130 lingeweza kupiganwa jua lingalipo.

Upande wa fedha, baadhi ya mafaili ya Uingereza hulipiwa kwa kadi. Kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu inatosha. Mafaili ni mazito, kila ukurasa ni picha, hivyo pakua usiku kwa bando la usiku na uhifadhi nakala ya pili kwenye flashi.

Kaburi kwanza

Kwa rubani wa Uingereza au wa makoloni yake, pa kuanzia ni tovuti ya CWGC, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure. Kwa Vita vya Pili inahusu waliokufa kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, kwa hiyo hata aliyekufa kwenye ajali miaka miwili baada ya amani anaweza kuwemo. Utapata jina kamili, cheo, namba ya jeshi, kikosi, tarehe, mara nyingi umri na majina ya wazazi.

Namba ya jeshi ni ya thamani kuliko jina. Akina Smith ni wengi. Namba ni ya mtu mmoja. Inakili kabla hujafunga ukurasa.

Cheo nacho kina mtego. *Pilot Officer* na *Flying Officer* ni vyeo tu, hata kwa mtu aliyekuwa mpiga bunduki, mtaalamu wa ramani au karani wa ofisi. Upande mwingine, marubani wengi wa ndege za kivita walikuwa masajenti. Usimwite mtu rubani kwa sababu ya cheo. Msubiri aonekane kwenye orodha ya walioruka.

Mtego wa tatu ni mahali penyewe. Mchukue Marmaduke Thomas St John Pattle, mzaliwa wa Butterworth, Afrika Kusini, mwaka 1914, ambaye wengi humhesabu kuwa rubani aliyetungua ndege nyingi kuliko wote katika jeshi la anga la Uingereza. Jina lake limo kwenye Mnara wa Alamein, Misri. Anayesoma haraka ataandika kwamba alifia Misri. Pattle alifia Ugiriki, juu ya Ghuba ya Eleusis, tarehe 20 Aprili 1941. Mnara wa Alamein umebeba majina ya wanaanga wasio na kaburi kutoka eneo kubwa: Misri, Libya, Ugiriki, Krete, Ethiopia, Sudan, hata Afrika Mashariki na Madagaska. Mnara maana yake ni kwamba mwili haukupatikana au haukutambuliwa, basi. Kaburi nalo lisikuhakikishie sana, kwa kuwa baada ya vita miili mingi ilihamishwa kutoka makaburi madogo kwenda makubwa. Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi yalipatikana hivyo hivyo, kwa kuhamisha.

Mjerumani mtafute kwenye tovuti ya Volksbund, chama kinachotunza makaburi ya vita ya Wajerumani, Mmarekani kwenye ile ya tume ya minara ya vita ya Marekani. Rubani wa ndege zilizorushwa kutoka manowari za Uingereza alikuwa mwanamaji, si wa jeshi la anga. Ukimtafuta kwenye nyaraka za jeshi la anga humpati hata ukikesha.

Daftari la kikosi

Ukishapata kikosi na tarehe, nenda kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, London, utafute kundi linaloitwa AIR 27. Humo mna madaftari ya shughuli za kila skwadroni, yaani kikosi cha ndege, mwezi kwa mwezi. Kila mwezi una fomu mbili, na watu wengi hupakua moja wakadhani wamemaliza.

Fomu 540 ni muhtasari wa siku: hali ya hewa, wageni, nani kahamia, nani kapotea. Fomu 541 ndiyo yenye nyama. Inaorodhesha kila safari: aina na namba ya ndege, jina la rubani, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maelezo. Ya rubani wako, siku ya mwisho, safu ya kutua itakuwa tupu au imeandikwa kwamba hakurudi. Hapo soma mistari ya wenzake. Kama wote waliruka 1105 na wa mwisho aliyetua salama alitua 1220, kifo kilitokea ndani ya saa moja na robo hiyo. Nakili majina ya wenzake wote; hao ndio mashahidi, na ripoti zao ndizo utakazozitafuta baadaye.

Namba ya ndege, kwa mfano P7350, ni ya ndege moja tu. Herufi kubwa zilizochorwa ubavuni ni alama ya kikosi na nafasi ya ndege ndani yake. Ndege ikianguka asubuhi, nyingine hupewa herufi ileile jioni. Picha ya rubani amesimama karibu na herufi fulani haithibitishi kwamba ndege hiyo ndiyo aliyofia. Namba ndiyo inayothibitisha, na ukiwa nayo unaweza kuomba kwa Makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, pale Hendon kadi ya ndege, Fomu 78, na kama ilikuwa ajali, kadi ya ajali, Fomu 1180.

Rudi nyuma siku thelathini kutoka siku ya kifo, uandike kila safari ya rubani kwenye jedwali. Kazi hii inachosha na ndiyo inayofundisha zaidi. Utaona mtu akiruka mara nne kwa siku kwa wiki mbili mfululizo, au utaona ni safari yake ya tatu tu tangu afike. Marubani wapya walikufa mapema mno, na sababu huonekana kwenye safu ya tarehe kabla ya kuonekana kwenye maelezo yoyote.

Tatizo ni pale daftari lisipokuwepo. Skwadroni ya 33, aliyoiongoza Pattle tangu Machi 1941, ilipoteza karatasi zake katika kurudi nyuma kutoka Ugiriki. Ndiyo maana idadi ya ndege alizotungua inayumba kutoka 40 hadi zaidi ya 50, na kila mwandishi ana hesabu yake. Ukikutana na pengo la namna hii, usichague namba unayoipenda. Andika kiwango cha chini na cha juu, na useme kwa nini kimepanuka. Halafu jaribu kuziba pengo kwa vyanzo vya pembeni: daftari la makao makuu ya juu ya kikosi, daftari la uwanja wa ndege (AIR 28), madaftari binafsi ya safari ya marubani waliopona, na nyaraka za upande wa adui.

Aliyetungua, na aliyedhani ametungua

Ripoti za mapigano zimo kwenye AIR 50. Rubani aliyerudi alikaa na ofisa wa upelelezi na kujibu: ndege za adui zilikuwa ngapi, aina gani, kimo gani, saa ngapi, alipiga akiwa umbali gani, nini kikatokea. Madai yaligawanywa mafungu matatu: imeangamizwa, huenda imeangamizwa, imeharibiwa. Nakili fungu kama lilivyoandikwa. Ukijumlisha yote matatu umemwongezea marehemu ushindi asioudai yeye mwenyewe.

Madai hayo yalizidi ukweli, na si kwa uongo. Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kutungua ndege 185. Hasara halisi ya Wajerumani siku hiyo ilikuwa kama 60. Marubani watatu huweza kuipiga ndege moja kwa nyakati tofauti na kila mmoja akaiona ikianguka. Injini ya Messerschmitt, ndege ya kivita ya Kijerumani, ikisukumwa hadi mwisho ilitoa moshi mweusi ambao mgeni aliuona kuwa moto. Ili kujua kilichotokea, linganisha na orodha za hasara za Wajerumani, ambazo huandika uharibifu kwa asilimia: 100 ni ndege iliyokwisha kabisa, na kuanzia 60 kwa kawaida haikutengenezwa tena.

Nishani hutafutwa kwenye gazeti la serikali la Uingereza, London Gazette, ambalo lote limo mtandaoni bure. Tarehe ya gazeti siyo ya tendo. Tendo huwa lilitokea wiki kadhaa nyuma. Kompyuta iliyosoma kurasa hizo za zamani hukosea herufi, hivyo ukikosa jina tafuta kwa namba ya jeshi.

Pima masimulizi kwa mashine yenyewe

Hapa ndipo masimulizi mengi ya kishujaa hukwama, na ni sehemu isiyohitaji intaneti wala ada, ni hesabu tu.

Risasi kwanza. Spitfire na Hurricane, ndege za kivita za Uingereza, mwanzoni mwa vita zilikuwa na bunduki nane aina ya Browning, nne kila bawa. Kwenye Spitfire kila bunduki ilikuwa na risasi 300 na ilipiga kama risasi 1,150 kwa dakika. Gawanya: sekunde 15 au 16 za kupiga, kisha kurudi nyumbani. Masimulizi yanayomfanya rubani wa 1940 amimine risasi dakika nzima yafute. Rubani stadi alipiga kwa sekunde mbili mbili, akiwa karibu. Bunduki zenyewe zilielekezwa zikutane mbele kwenye nukta moja, mwanzoni yadi 400, baadaye marubani wengi wakaisogeza hadi 250.

Mafuta pili. Spitfire ya kwanza ilibeba galoni 85 za Kiingereza, karibu lita 386, katika matangi mawili mbele ya miguu ya rubani. Kwa mwendo wa utulivu zilitosha saa moja na nusu au zaidi kidogo. Kwenye pambano, injini ikiwa wazi kabisa, ziliisha haraka zaidi. Kama masimulizi yana safari ya saa tatu bila kutua, ama ndege ni nyingine, ama saa zimechanganywa. Hurricane ilikuwa na tangi la akiba mbele ya dashibodi, kati ya rubani na injini. Likishika moto, hewa iliuvuta kuelekea usoni mwake. Ukisoma kwenye jalada habari za kuungua mikono na uso, huenda tangi hilo ndilo sababu, na glavu zilizokosekana.

Tatu, injini. Merlin, injini ya Spitfire na Hurricane, mwaka 1940 ilikuwa na kabureta. Rubani akisukuma pua ya ndege chini ghafla, mafuta yalipanda juu ya kabureta na injini ikakatika kwa sekunde moja au mbili. Ya Mjerumani ilisukumiwa mafuta kwa pampu moja kwa moja, haikukatika. Ndiyo maana Mjerumani aliyebanwa alikimbilia chini moja kwa moja, na Mwingereza alilazimika kwanza kuipindua ndege ndipo amfuate. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling alipunguza tatizo kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichowekwa kwenye njia ya mafuta. Pambano la kabla ya hapo lisilotaja kupindua lisome kwa mashaka.

Nne, kimo na hewa. Futi 20,000 ni kama mita 6,100, juu ya kilele cha Kilimanjaro. Bila oksijeni, kwenye futi 25,000 rubani ana dakika chache tu za akili timamu, na hatari ni kwamba mwenyewe hujiona yuko sawa. Ndege iliyoonekana ikishuka polepole kutoka kundini, bila adui karibu, bila neno kwenye redio, ikaingia ardhini: mara nyingi ni bomba la oksijeni lililochomoka au kuganda. Kwenye jalada itaandikwa "sababu haijulikani".

Tano, na hii ni ya kwetu hasa: kimo huhesabiwa kutoka usawa wa bahari au kutoka ardhini? Maji ya Ziwa Victoria yako karibu mita 1,134 juu ya bahari, yaani futi zaidi ya 3,700. Mzee akikuambia ndege ilipita juu ya Mwanza kwa futi 3,000, na kipimo chake kilikuwa cha bahari, basi ilipita chini ya maji. Uliza kila mara. Hewa ya kimo hiki pia ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuruka kuliko Dar es Salaam.

Mfano wa kupima ni Roald Dahl, baadaye mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto, aliyekuwa mfanyakazi wa Shell mjini Dar es Salaam na kujiunga na jeshi la anga Nairobi mwaka 1939. Makala iliyochapishwa Marekani mwaka 1942 ilimwonyesha kama aliyetunguliwa Libya. Nyaraka zinasema vingine: Septemba 1940 alikuwa akipeleka ndege aina ya Gladiator kwenye skwadroni yake ya 80, akaelekezwa mahali pasipo sahihi, mafuta yakapungua, giza likaingia, akajaribu kutua jangwani na kuvunjika vibaya. Hakuna adui aliyekuwepo. Alipona, akapigana Ugiriki, na alikuwa angani siku ileile aliyokufa Pattle.

Karatasi za kifo

Rubani asiporudi, familia ilipata kwanza simu ya maandishi (telegramu) yenye neno moja zito: amepotea. Miezi sita ikipita bila habari kutoka Msalaba Mwekundu au kwa mateka wenzake, alihesabiwa kisheria kuwa amekufa. Kwa hiyo utakuta tarehe mbili: ya kupotea na ya kutangazwa. Iliyo sahihi kwa wasifu ni ya kupotea.

Majalada ya vifo na majeruhi yako kwenye AIR 81, yanayoanzia Septemba 1939. Humo ndimo mna barua za wazazi, orodha ya vitu vyake, maswali ya mchumba, na taarifa za maofisa waliotumwa baada ya vita kutafuta mabaki mashambani. Jalada laweza kuwa na maelezo ya hali ya mwili. Yasome ili kujua sababu. Si lazima uyachapishe. Majalada ya utumishi ya watu wa jeshi yameanza kuhamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kwenda Kew tangu 2022, hivyo kabla ya kulipa ombi hakikisha lako liko upande upi.

Usitegemee kila kifo kiwe cha vita. Ajali za mafunzo, ukungu, kugongana angani na wenzake, kutua na gurudumu moja: vilichukua wengi sana. Kwa Pattle, walioishi naye walieleza kwamba wiki yake ya mwisho aliruka akiwa na homa kali. Siku yenyewe Hurricane zisizofika ishirini, mabaki ya skwadroni za 33 na 80, zilipanda juu ya Athens na Piraeus kukabili kundi kubwa la Wajerumani; alionekana mara ya mwisho akishambuliwa na Messerschmitt 110 alipokwenda kumsaidia mwenzake. Homa iko kwenye chanzo C, pambano kwenye B. Andika vyote, kila kimoja na uzito wake.

Kwa marubani wa Vita vya Kagera

Hapa hakuna AIR 27. Nyaraka za JWTZ hazifunguliwi kwa kuomba kwenye tovuti. Familia huandika barua, hupitia uongozi wa serikali na chama cha wanajeshi wastaafu, na husubiri. Wewe usiye ndugu utaanza na magazeti, makaburi na watu.

Magazeti: Uhuru na Daily News za Oktoba 1978 hadi Juni 1979. Anza Maktaba ya Mkoa na maktaba ya SAUT. Kilichokosekana kifuate Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Kwa habari za Vita vya Pili kama zilivyosomwa na Waswahili wa wakati ule, omba Mambo Leo, na ukitafuta tafuta pia "eropleni".

Makaburi: Kaboya, wilayani Muleba, ndipo walipozikwa mashujaa wengi wa vita hivyo. Kutoka Mwanza unavuka Daraja la Kigongo–Busisi, unapita Geita na Biharamulo. Ni eneo la jeshi; omba ruhusa kabla ya kutoa simu mfukoni. Kadhalika usipige picha upande wa jeshi wa uwanja wa ndege wa Mwanza. Hakuna picha iliyo na thamani ya siku mbili za maswali.

Watu ndio chanzo kikubwa, na wanapungua kila mwaka. Usiende peke yako kwa mzee asiyekufahamu. Nenda na anayemjua, utoe shikamoo, ukae, habari za nyumbani ziishe. Kama ni mjane, mkubwa wa ukoo ajue kwanza. Rekodi kwa simu mbili, maana moja itaishiwa chaji katikati ya jambo lenyewe. Maswali ya kwanza yawe ya kawaida: mlilala wapi, mlikula nini, nani alikuwa fundi wa ndege. Kifo akitaje mwenyewe.

Tarehe wazee hawazishiki kwa namba, huzishika kwa matukio. Uliza: ilikuwa kabla au baada ya Daraja la Kyaka kulipuliwa? (Lililipuliwa mwanzoni mwa Novemba 1978.) Kampala ilikuwa imeshachukuliwa? (Aprili 1979.) Mtoto wenu wa kwanza alikuwa darasa la ngapi? Wahoji mashahidi wawili mbalimbali, si pamoja. Wakikaa pamoja, mmoja atasimulia na mwingine ataitikia.

Jihadhari na aina za ndege. Wazee wengi huita kila ndege ya kivita "Mig". Za Uganda zilikuwa MiG za Kisovieti. Za Tanzania nyingi zilikuwa za Kichina, zilizoundwa kwa mfano wa MiG hizo. Kwa mtu aliye chini, na kwa sekunde tatu, zinafanana, na kufanana huko ni hatari kwa rubani anayerudi nyumbani kupita juu ya mizinga ya upande wake. Unapoambiwa "tuliitungua Mig", uliza ilikuwa ikitoka wapi na kwenda wapi.

Mfano wa pili ni bomu la kisiwa cha Saanane. Watu wengi mjini husema ndege za Amin zilipiga Mwanza. Iliyokuja mwishoni mwa Machi 1979 ilikuwa ndege ya mabomu, Tupolev Tu-22 ya Libya, iliyotumwa na Gaddafi kulenga matangi ya mafuta. Ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Aliyekuwa Capripoint siku ile atakueleza mlio na moshi kwa usahihi kabisa, na bado akakosea ndege ilikuwa ya nani. Mlio na moshi viandike kama alivyosimulia, kwa uzito wa C. Mwenye ndege mtafute kwingine.

Kuandika na kusahihisha

Panga jedwali kwa tarehe, kisha andika kutoka juu kwenda chini. Sasa ndipo utoto unapotangulia. Kila sentensi iweze kuonyeshwa mstari wake kwenye jedwali. Mahali palipo na C tupu, sema "inasimuliwa". Vyeo, majina ya watu na namba za ndege viache kwa tahajia yake ya asili. Futi na galoni zipe mita na lita pembeni mara ya kwanza tu, zisijaze ukurasa.

Kabla ya kuchapisha, familia isome sehemu ya kifo. Wakikataa jina la mtu mmoja litajwe, litoe. Tarehe na namba ya ndege vinatosha kubeba habari. Nakala moja ipeleke Maktaba ya Mkoa, ikiwa na jedwali lake, maana atakayefuata atalihitaji kuliko insha yako. Ukigundua kosa kwenye kumbukumbu za CWGC, waandikie: hupokea masahihisho, ila wanataka karatasi ya wakati ule, kama cheti au fomu ya kikosi. Kumbukumbu ya mzee peke yake hawaikubali, hata iwe nzuri namna gani.